Majembe Saba kwa Matano

Jumanne, tarehe 7 Oktoba 1997. Asubuhi mawingu yalikaa juu ya kilima mpaka saa nne, kisha yakaondoka bila kuacha hata tone. Mchana jua kali na vumbi. Jioni mawingu yamerudi, sijui kama yana nia.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyosema. Nililifungua juzi nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakaa nalo mpaka chai ikapoa. Mimi si mwandishi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili changu nilikipata nusu shuleni na nusu kwa padri mmoja Mwitaliano ambaye naye alikuwa amekipata kwa shida. Kwa hivyo nitakapokosea, nimekosea. Lakini siku zile nataka kuzieleza jinsi zilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo hazinipendezi, kwa sababu nilikuwemo ndani yake na ingekuwa rahisi sana kujisifu.

Nilikuwa nimeolewa karibu na soko la Muthetheni, kwenye mteremko. Mume wangu alifanya kazi kiwandani Athi River na alikuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe na watoto watatu. Shamba letu halikufika ekari mbili, na katikati yake palikuwa na korongo. Lilipoanza lilikuwa kijifereji tu cha kuku kuruka. Baada ya misimu mitatu, mtoto wangu wa pili akiingia humo huoni kichwa. Mvua ya Aprili ilibeba mistari minne ya maharagwe pamoja na udongo wake, na ncha ya korongo ikawa imebakiza hatua tisa kufika jikoni. Najua zilikuwa tisa kwa sababu nilizihesabu kila Jumapili nikitoka kanisani.

Na mwaka huo redio ilikuwa ikisema kwamba kuna mvua kubwa inakuja, mvua yenye jina la kigeni, Elnino.

"Mvua ya kuitwa jina," mama mkwe alisema, "hiyo ni kama ng'ombe wa kuitwa jina. Imeshadekezwa. Itafanya inavyotaka."

Dawa ya korongo kila mtu kwetu aliijua: kuchimba mitaro ya fanya juu, yaani unakata mtaro kukingama mteremko na udongo unautupa upande wa juu, maji yanasimama hapo badala ya kukimbia. Lakini mtu mmoja na jembe lake hawezi. Ndiyo maana kulikuwa na mwethya. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, tunachimba kwa mmoja leo, kwa mwingine siku nyingine, na yule mwenye shamba anapika. Mimi nilikuwa mpimaji. Bwana shamba alikuja mara moja akatufundisha, akamwachia yule aliyeonekana kuelewa, na aliyeonekana kuelewa nilikuwa mimi, labda kwa sababu nilikuwa natikisa kichwa sana kukubali. Alinipa fito mbili zenye alama, uzi, na pimamaji, kile kichupa kidogo cha kuning'inizwa katikati ya uzi. Tone la hewa likikaa katikati, mstari uko sawa. Mpaka leo sina hakika kama macho yangu yaliliona katikati au yalilitaka katikati.

Kufikia Oktoba ile mashamba kumi na mawili yalikuwa yamechimbwa. Yalibaki mawili, langu na la jirani yangu wa juu, aliyepakana nami kwa ua wa mikonge. Na siku ya kuchimba ilibaki moja kabla ya watu kutawanyika kwenda kupanda, Jumamosi ya tarehe kumi na moja.

Huyo jirani wa juu nimweleze vizuri, nisije nikamwonea. Alikuwa na mdomo. Si mdomo mbaya. Ulikuwa wa haraka tu. Wewe ukiwa bado unatafuta neno la kwanza, yeye ameshamaliza na anacheka. Alichelewa kila mahali. Kanisani aliingia wakati wa matoleo. Lakini akichimba alichimba kuliko sisi wote, na mtoto wangu wa mwisho alipougua yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati wakati mimi nalia tu njiani. Hayo yote mawili ni kweli.

Sasa niingize padri. Nilimpikia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kule misheni. Alikuwa mzee, na alipenda kumenya viazi mwenyewe, ati mikono isiyofanya kazi inamletea baridi. Akimenya, anasimulia. Hadithi zake zilikuwa za kwao, za zamani sana, alisema miaka mia sita au mia saba, wakati miji yao ilikuwa na kuta na minara na kila mji una bwana wake. Mimi nilizoea hadithi ambazo anayeshinda ni mwenye nguvu, au sungura. Hizi zilinichanganya. Hakukuwa na vita wala mnyama. Watu walikaa mezani, au barabarani, mmoja akasema neno moja, na hapo hapo ikawa ameshinda.

Kwa mfano hii. Bwana mmoja alijenga mnara, ukapinda kidogo. Mchonga mawe akasema sokoni kwamba umepinda. Akakamatwa, akaletwa mbele ya bwana. "Ni wewe uliyesema mnara wangu umepinda?" Yule akajibu: "Bwana, haukupinda. Umekuinamia. Nilishangaa tu kwamba katika mji huu wote ni huo peke yake unaokuinamia bila kuamriwa." Basi bwana akatazama watu, watu wakatazama chini, kisha akacheka, na mchonga mawe akala chakula cha jioni kwenye meza kubwa.

"Na kama hangecheka, Fatha?" nikauliza.

"Aa, Mama, lazima acheke!" Padri alinyoosha kisu kilichokuwa na ganda la kiazi. "Hiyo ndiyo sheria. Ukishindwa kwa neno, unacheka na unalipa chakula. Ukikasirika, umeshindwa mara mbili."

Nikaandika hilo kwenye daftari. Nikaandika pia lile la gurudumu, kwamba watu wa kwao walichora bahati kama gurudumu, aliye juu anashuka, aliye chini anapanda, ndiyo maana mtu hakuwa na haja ya jeshi, alihitaji tu kujua ni saa ngapi ya kusema. Nilimwambia kwetu kwenye mteremko gurudumu linaenda upande mmoja tu. Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimetaka kuchekesha.

Hadithi iliyoleta mambo ni ya mwanamke dobi. Alinisimulia mwisho wa Septemba, nami nikawapelekea wenzangu siku ya mwethya, wakati wa uji, tumekaa kwenye udongo mpya miguu imening'inia mtaroni.

Nilisimulia hivi. Bwana mmoja tajiri alitangaza kwamba atakayemletea kitu ambacho hajawahi kupewa maishani atampa shamba lake zuri la kando ya mto. Siku ikawekwa, saa ikawekwa, asubuhi. Wakaja watu na vitambaa vya hariri, ndege wa kuwinda, viungo kutoka ng'ambo. Vyote alikuwa navyo. Wakati wanataka kufunga, mtu akasema bado kuna mwanamke dobi aliyeandikisha jina lake na hajafika. Bwana akasema, tumngoje. Wakangoja. Saa sita, hakuna. Saa nane, hakuna. Bwana akatembea huku na huku, akachungulia dirishani, njaa ikamshika. Jua likielekea kushuka, dobi akaingia, mikono mitupu. "Umeleta nini?" Akasema: "Bwana, tangu uzaliwe watu wamekungoja wewe. Nimekuletea kungoja." Akapewa shamba.

Wanawake walilipuka. Mmoja alimwaga uji.

"Huyo hapa kwetu kwa chifu angelala ndani!"

"Na angengojeshwa huko mpaka Jumatatu!"

"Mimi nasema aliyeshinda ni huyo tajiri," mwenyekiti wetu akasema. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, aliyeongea kama anayepima unga. "Kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukataa na hakukataa. Sasa watu wanamsifu, na shamba ana mengine."

"Wewe unampenda tu kwa sababu ni tajiri."

"Nampenda kwa sababu alikuja kwa wakati," mwenyekiti akasema, akamtazama jirani yangu wa juu, ambaye siku hiyo alifika tukiwa tumeshamaliza mstari wa kwanza.

Jirani wa juu, na mdomo wake wote, alikuwa anatazama mbali. Ningepaswa kujua hapo.

Nilipomsimulia mama mkwe jioni, yeye aliuliza jambo moja tu. "Shamba la kando ya mto? Na mvua ikinyesha?"

Kikundi chetu kilikuwa na desturi yake ya kuamua zamu wawili wanapogongana. Kila mmoja anasimama mbele ya wenzake na kuombea udongo wake. Halafu wale wengine wanatembea na kuweka majembe yao miguuni pa yule waliyemkubali. Hakuna kunong'ona na hakuna karatasi. Unaona kabisa jembe la nani liko wapi, na mtu hawezi kukudanganya baadaye. Siku yetu ya kuombea ilikuwa hiyo Jumanne ya tarehe saba, saa nane mchana, kwenye kiwanja cha mwenyekiti.

Jumatatu jioni nilienda kupima. Sikutaka kusema uongo mbele ya watu, kwa hivyo nilitaka nambari. Nilianza jikoni nikapanda na korongo, hatua kwa hatua, watoto wawili wakinishikia fito. Nikafika kwenye ua wa mikonge. Korongo halikuishia pale. Lilipita chini ya mikonge, na upande wa pili, kwenye shamba la jirani, likagawanyika kuwa vijito vitatu vidogo kama vidole, na vyote vilitoka juu kabisa karibu na nyumba yake. Kwake havikuwa vimefanya uharibifu mkubwa. Maji yalikuwa yanakusanyika kwake na kuja kula kwangu.

Na bwana shamba alikuwa ametuambia, kwa sauti, mimi nikiwa mbele natikisa kichwa: anzeni juu. Ukianza chini, maji ya juu yatakuja na kuvunja kazi yako yote.

Nilisimama pale na fito. Nilijua. Halafu nikaenda nyumbani nikaandika maombi yangu, kurasa mbili, urefu wa korongo, kina chake, hatua tisa za jikoni, mistari minne ya maharagwe. Kila nilichoandika kilikuwa cha kweli. La kuanza juu sikuliandika. Nilijiambia kwamba hakuna atakayeuliza, na kwamba mitaro yangu ikichimbwa na mingi itazuia hata hayo ya juu. Labda ingezuia. Nilitaka shamba langu lichimbwe. Basi.

Jumanne saa nane tulikuwa kumi na watatu. Jirani wa juu hakuwepo. Saa nane na nusu hakuwepo. Mwenyekiti akatazama jua, wengine wakakaa kusuka vyondo vyao, vikapu vya mkonge. Saa tisa akatokea kwenye njia, polepole, amejifunga leso mpya, mikono mitupu. Akasimama katikati, akanyoosha mgongo, nami nikaelewa anachotaka kufanya, na hadithi ilikuwa yangu.

"Mama zangu na dada zangu," akaanza, "watu wote huja hapa na maneno. Mimi leo nimewaletea kitu ambacho..."

"Kuchelewa!" mwenyekiti akasema. "Hicho unatuletea kila siku. Tuko nacho gunia nzima. Rudi nacho!"

Nimeishi miaka mingi na sijasikia kicheko kama kile. Kuna aliyelala chini. Kuna aliyeshika mti. Dobi wa padri alishinda kwa sababu bwana yule hakuwahi kungoja, lakini sisi tulikuwa tumemngoja jirani yangu tangu kikundi kianze. Hakufikiria hilo hata kidogo. Na niseme ukweli, aliyecheka zaidi alikuwa yeye. Alicheka mpaka leso ikafunguka, akafuta machozi na ncha yake, akasema, "Basi siku nitakayofika mapema ndiyo mtajua nimewaletea zawadi. Na mtashtuka mpaka mniite daktari." Nikakumbuka sheria ya padri: amecheka, kwa hivyo hajashindwa mara mbili. Pengine hajashindwa hata mara moja.

Zamu yangu nilisoma kurasa zangu mbili. Sikuchekesha mtu. Lakini nilipofika kwenye hatua tisa za jikoni, waliokuwa wakisuka waliacha kusuka, na niliposema jinsi mama mkwe anavyoamka mvua ikinyesha na kusimama mlangoni na taa, mwanamke mmoja akasema, "Aiya, mwaitu," yaani ole, mama, kwa sauti ya chini.

Majembe yakaanza kutembea. Moja kwangu. Moja kwake. Mawili kwangu. Wengine walimwekea yeye kwa sababu ya kicheko tu, na walisema hivyo waziwazi. Mwisho mwenyekiti akaweka lake miguuni pangu. Saba kwa matano.

Nilishinda. Sijawahi kushinda kitu, hata mbio za gunia shuleni. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Jirani wa juu alikuja kunishika mkono, akasema, "Jirani wa chini, umenimaliza. Jumamosi nitakuwa wa kwanza kwako na jembe," na alikuwa anatabasamu kweli, si kwa meno tu. Ni huko kutabasamu kulikoniharibia. Angenuna, ningeenda nyumbani na ushindi wangu nikalala nao.

"Ngojeni," nikasema.

Watu walikuwa wanaokota majembe.

"Ngojeni kidogo. Kuna kitu sikusema."

Nikawaeleza. Vidole vitatu vya maji, ua wa mikonge, maneno ya bwana shamba. Nikasema nilijua tangu jana jioni. Nikasema inafaa kuanza kwake, sio kwangu, na kwamba nikichimbiwa mimi kwanza kazi yao yote inaweza kwenda na maji.

Mwenyekiti akaegemea jembe lake. "Sasa wewe umeshinda au umeshindwa? Amua, maana hizi jembe zimechoka kulala na kuamka."

"Sijui," nikasema, na sikujua.

"Mimi najua!" jirani wa juu akaruka. "Anasema maji yangu ni mwizi. Mbele ya watu! Mwiitu wa mwaitu, dada yangu kabisa, unaniita mama ya mwizi?"

"Sikusema..."

"Umesema! Yanatoka kwangu usiku, yanapita chini ya ua, yanakula maharagwe yako, yanarudi hayana hata haya. Nimesikia." Akageukia wengine, mikono kiunoni. "Basi Jumamosi njooni tumfunge huyo mwizi huko huko kwangu. Na kwa sababu amekula kwa jirani wangu misimu mitatu, mimi nitapika, na huyu atakula mpaka ashindwe kusimama. Mambo yaishe."

Hapo ndipo nilipoona jinsi neno linavyoweza kushinda. Mimi nilikuwa nimewatia wote katika shida, hawajui wanihurumie au wanikasirikie, na yeye kwa pumzi moja akatupa sote mahali pa kusimama. Majembe yote kumi na mawili yakainuliwa yakicheka, kama majembe yangeweza kucheka.

Jumamosi nilifika kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuweka mistari. Alikuwa wa kwanza, maana ni kwake, na alitaka tumshangilie kwa hilo. Tuligawanyika pande mbili kama kawaida, mtaro wa juu kwa mtaro wa chini yake, kushindana nani atamaliza kwanza, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakipokea, na jembe likishuka pamoja na sauti. Mimi nilitembea na fito zangu mbele yao, nikipima mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha.

"Jirani wa chini!" alipiga kelele kutoka mtaroni. "Hiyo maji yako ya chupa imelala ama imekufa? Tumefika hapa tunakungoja!"

"Wewe leo ndiye unangoja?" nikamjibu. "Onja."

Lilitoka lenyewe. Upande wote wa juu uliacha kuchimba ili ucheke. Nililiandika kwenye daftari jioni hiyo na nikapiga mstari chini yake, neno langu moja la haraka katika maisha yangu.

Mtaro wa mwisho tuliuchimba kandokando ya mikonge, pande zote mbili za ua zikafaidi. Upande wa nani ulimaliza kwanza sitaandika, kwa sababu ule wa juu ulidai ni wao na ule wa chini ukadai ni wao, na mimi niliyetakiwa kuamua nilikuwa nimeinama natafuta pimamaji lililoanguka.

Jumatatu nilimsimulia padri yote. Aliacha kumenya.

"Mama, katika hadithi zetu hakuna mtu kama wewe."

"Mjinga?"

"Hapana, wajinga tuko nao wengi." Alifikiri. "Aliyeshinda halafu akasema ngojeni. Hayupo. Hadithi zetu zinaisha pale pale mtu anaposhinda. Watu wanacheka, chakula kinaletwa, basi."

"Na yule dobi, Fatha? Mama mkwe wangu aliuliza. Mvua iliponyesha, shamba la kando ya mto lilifurika?"

Akageuzageuza kiazi mkononi. Akasema miaka yote aliyoijua hadithi hiyo, kwao na huku, hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Akasema atafikiria. Ijumaa aliniambia bado anafikiria.

Mvua ilikuja siku ya kumi baada ya kuchimba, saa saba mchana. Haikuanza na matone. Ilianza kama mtu amemwaga karai. Mama mkwe na mimi tulisimama mlangoni pa jikoni, watoto katikati ya miguu yetu, tunatazama korongo. Maji yakaja. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalifika kwenye kifundo cha mguu, si zaidi. Mwezi wa nne yalikuwa yanafika kwenye paja. Tukangoja yaongezeke. Hayakuongezeka.

"Yako wapi mengine?" mama mkwe akauliza, kama mtu aliyeletewa wageni wachache kuliko alioalika.

Nikajitwika gunia kichwani nikapanda kwenda kuona. Kule juu mitaro ilikuwa imejaa kama masufuria yaliyopangwa kwenye ngazi, kila mmoja umetulia, mvua inatoboa toboa juu yake. Isipokuwa wa tatu. Wa tatu ulikuwa umepasuka kwenye ncha, pale ambapo nilikuwa na shaka na lile tone la hewa na nikaliacha lipite kwa sababu walikuwa wanapiga kelele. Hilo ni kosa langu, nalo pia nimeliandika. Jirani wa juu alikuwa tayari yuko pale, amelowa mpaka mifupa, anajaza mawe na udongo. Nikaingia mtaroni. Tulifanya kazi bila kuongea kwa sababu hakuna ambaye angesikia, na tulipomaliza tulikuwa na matope hadi kwenye nyusi, tukatazamana, basi tukaanza kucheka na hatukuweza kuacha. Tulikaa kwenye tuta huku mvua ikitupiga tukicheka kama wasichana.

Mvua ile ilinyesha kuliko zote nilizoziona, wiki baada ya wiki, na wengine huko kwingine iliwaumiza sana, sitaki kusahau hilo. Kwetu korongo halikusogea. Hatua zilibaki tisa. Baada ya Krismasi nilivuna maharagwe kwenye mistari yote, na msimu uliofuata walikuja kunichimbia mimi, zamu ya kwanza, bila kuombea.

Lakini nirudi kwenye siku ile ya kwanza ya mvua. Nilipofika nyumbani nilioga, nikachemsha sufuria kubwa ya muthokoi uliokuwa umelowekwa tangu jana yake, ule wa mahindi yaliyokobolewa, nikatia mbaazi na mafuta zaidi ya kawaida. Nilikuwa nimeamua. Kwa sheria ya padri anayeshindwa hulisha, na nilikuwa nimeona kwa macho kwamba mitaro ya jirani imeokoa jiko langu, na mstari wangu mbovu nusura uiharibu mitaro yake. Kwa hivyo nimeshindwa mimi. Mvua ilipopungua nilikuwa nafunika sufuria kwa kitambaa nimpelekee, mlango ukagongwa. Ni yeye, na sufuria yake kichwani.

"Nimeshindwa mimi," akasema kabla ya salamu. "Ulipewa jembe saba. Mimi tano. Nimeleta chakula."

"Aliyeshindwa ni mimi. Rudi nayo."

"Siwezi kurudi nayo, ni nzito. Na nimekuja mapema, umeona? Jua halijazama."

"Mwana wakwa," mama mkwe akaniambia, akiwa ameshafungua sufuria ya mgeni na kunusa, "mtoto wangu, ugomvi huu muendelee nao kesho. Hii ina nyama."

Kwa hivyo jioni ile tulikula ugali na kuku wa jirani wa juu kwanza, halafu muthokoi wangu wenye mbaazi, na yeye akakaa akala vyote viwili pamoja nasi, akabeba sufuria yake nyumbani ikiwa na muthokoi ndani.